Dawa za chupa kwenye giaboksi ya otomatiki na pawa steringi: zinasaidia au tunatupa hela?

Mkazi_Nkuhungu

Wakuu, habari za jioni.

Gari ni RAV4 ya 2002, zile Kilitime, otomatiki, dashibodi inasoma 178,000. Ina mambo mawili. Giaboksi: nikiwa kwenye lami kutoka Nala kuelekea Bahi, mwendo wa 65 hadi 75, mguu mwepesi kwenye mafuta, gari inatetemeka kama inapita juu ya rasta. Nikikanyaga zaidi kidogo inaacha. Steringi: asubuhi inalia nikikata kona, na oili kwenye kikopo inapungua, kila mwezi lazima nijazie.

Muuza spea ananishauri chupa mbili za dawa, mililita 300 kila moja, ya giaboksi na ya steringi. Anasema zinaziba na kulainisha, elfu 35 kila moja. Fundi mwingine kaniambia nisihangaike, nitie brekifluidi kidogo kwenye steringi ili sili (ile mipira inayozuia oili kuvuja) zivimbe. Naomba maelezo ya wanaojua zinavyofanya kazi, si ya "mimi nilitia ikapona".

Gia_Kizota

Ndugu, chupa ziache dukani kwanza. Na hilo la brekifluidi lisahau kabisa, ndilo baya kuliko yote uliyoambiwa. Ni kweli sili itavimba, ndiyo maana ujanja huu haufi huko gereji. Lakini brekifluidi za DOT 3 na DOT 4 ni jamii ya glaikoli, hazichanganyiki na oili ya steringi, na mpira wa sili za steringi haukutengenezwa kuzivumilia. Sili inavimba, inalegea, halafu inachanika, na hapo mvujo unakuwa mkubwa kuliko ulioanza nao. Ikitiwa kwenye giaboksi ndiyo balaa, kwa sababu glaikoli inashambulia gundi inayoshikilia bitana za msuguano kwenye pleti za klachi.

Sasa dawa zenyewe. Oili ya otomatiki (ATF) hailainishi tu. Ndiyo inayosukuma pistoni za klachi, ndiyo inayopoza, na ndiyo inayoamua klachi zishikane taratibu au kwa kishindo. Kiwandani imeshatiwa viambato vya kuzuia povu, vya kuzuia kulika, vya kusafisha, vya kutunza mpira wa sili na vya kurekebisha msuguano, kwa vipimo vilivyojaribiwa kwa giaboksi husika. Chupa ya dukani inakuongezea kimoja au viwili vya hivyo hivyo. Mboga imeshatiwa chumvi, wewe unaongeza bila kuonja.

Ukisoma lebo utakuta chupa nyingi ni za aina tatu. Kuna zile nzito kama asali, zinazofanya oili iwe nzito. Zinaficha kuteleza kwa muda kwa kuwa shinikizo halipotei haraka kwenye sili zilizochakaa, lakini gari ikiwa baridi gia zinachelewa, na valvu ndogo za ndani ya valvu bodi (sehemu inayogawa oili kwenda kwenye klachi) zinakuwa nzito. Hizo sizipendekezi kwa gari yoyote unayotaka kuendelea nayo. Kuna za kuvimbisha sili. Na kuna za kurekebisha msuguano, ambazo ndizo pekee zinazohusiana na dalili yako ya giaboksi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanachanganya kutetemeka na kuteleza. Kuteleza ni pale gia inapobadilika, mshale wa RPM unaruka juu, gari haivuti, halafu inashika. Hiyo ni klachi iliyokwisha au shinikizo dogo. Ukitia dawa ya kurekebisha msuguano unaifanya iteleze zaidi, kwa sababu kazi ya dawa hiyo ni kulainisha ushikaji. Kutetemeka kwa mwendo wa 60 hadi 80 na mafuta kidogo ni kitu kingine. Mara nyingi ni klachi ya ndani ya toki konveta, lile duara kubwa lililo kati ya injini na giaboksi. Klachi hiyo inafunga ili kuokoa mafuta, na oili ikishachoka inashika na kuachia mara nyingi kwa sekunde.

Kipimo chake hakina gharama. Gari ikiwa inatetemeka, usiachie mafuta, gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Fanya hivyo barabara ikiwa wazi na nyuma yako hakuna gari. Swichi ya breki inaiambia kompyuta ifungue klachi ya toki konveta. Mtetemo ukikoma papo hapo, umeshajua ulipo. Usipokoma, tazama plagi, koili na joint za ndani za shafti. Angalizo moja: injini inayokosa moto kwenye silinda moja inatoa mtetemo unaofanana sana na huo, na klachi ikifunguka unapungua makali. Kwa hiyo soma kodi pia, zile namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari. P0300 hadi P0304 ni za injini kukosa moto, usizipuuze.

Ukishathibitisha, tiba ya kwanza ni oili mpya sahihi. Gari hiyo inatumia Toyota Type T-IV. Usiuziwe WS kwa maneno kwamba ni mpya na bora. WS ni nyepesi zaidi na imetengenezewa giaboksi zilizokuja baadaye, Toyota wenyewe hawaruhusu kuiweka mahali pa T-IV.

Usikubali kusukumiwa oili kwa mashine. Mwaga na ujaze. Ukifungua nati ya chini inatoka kama lita 3.5, nyingine inabaki kwenye toki konveta na paipu za kupozea oili. Tuseme ujazo wote ni lita 8: mara ya kwanza asilimia 44 ya oili inakuwa mpya, mara ya pili 68, mara ya tatu 82. Galoni tatu za lita 4 zinatosha na unabaki na akiba. Si lazima usubiri mwezi kati ya moja na nyingine. Ukizunguka mjini dakika 20 na gia zote zikapita, oili imeshachanganyika.

Mara ya kwanza shusha sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Kwenye sumaku za ndani, tope laini la kijivu ni kawaida kwa umri huo. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa kucha, funga, usipoteze hela kwenye oili wala dawa. Badilisha filta na gasketi. Boliti za sampu ni ndogo, zinakazwa kama Nm 8 tu, kwa hiyo weka mbali spana ndefu, wengi wanapinda ukingo wa sampu halafu wanalaumu gasketi. Rudisha kiasi kile kile kilichotoka, ndiyo maana unamwagia kwenye chombo chenye vipimo. Kisha pima gari ikiwa ya moto, imesimama tambarare, injini inawaka, umepitisha lever P hadi L na kurudi P. Soma alama za HOT kwenye dipstiki, si COOL.

Raki_na_Pampu

Gia_Kizota kamaliza upande wake, mimi niseme steringi.

Mkuu, umetaja vitu viwili: inalia na inapungua. Inawezekana ni chanzo kimoja, inawezekana ni viwili. Na dawa ya chupa inaweza kusaidia mvujo wa namna moja tu, ule wa sili iliyokauka kwa umri na joto lakini haijachanika, huku shafti yake ikiwa bado laini. Mafuta ya kuvimbisha yanaingia kwenye mpira, unarudi ulaini, mdomo wa sili unabana tena. Unapata miezi kadhaa. Nje ya hapo hakuna kitu. Klampu iliyolegea haivimbi. Hosi iliyopasuka haivimbi. Raki (ile nondo ya steringi inayosukuma magurudumu) iliyochimbika mfereji kwa mchanga haitazibwa na kimiminika chochote, na hapa Dodoma hiyo ya mchanga ndiyo kubwa: mpira wa kukinga vumbi ukichanika wakati wa kiangazi, vumbi linashikamana na oili kwenye shafti ya raki na kufanya kazi ya msasa kila unapokata kona.

Tafuta mvujo kwanza. Safisha eneo lote kwa petroli kidogo na brashi injini ikiwa baridi, kausha, endesha siku moja, rudi uangalie. Anza juu: kikopo, hosi ya kurudishia, hosi nene ya kunyonya inayoingia kwenye pampu, kisha sili ya shafti ya pampu nyuma ya puli. Halafu chini: ungio la shafti ya usukani na raki, na ncha mbili za raki. Hizi ncha zinadanganya, kwa sababu mvujo wake unabaki ndani ya mpira na chini ya gari hakuna tone. Legeza klampu ndogo upande wa tairodi, vuta mpira kidogo. Kukiwa na unyevu tu ni kawaida. Oili ikimwagika, sili ya raki imekufa, na hapo ni kuifungua raki na kuweka seti ya sili au kutafuta raki nyingine.

Mlio wa asubuhi ni hewa mpaka ithibitike vinginevyo. Upande wa kunyonya hauna shinikizo kubwa, kwa hiyo o-ringi (pete ya mpira) iliyokauka pale hosi inapoingia kwenye pampu inaweza kunyonya hewa bila kuvujisha nje hata tone. Fungua kikopo injini ikiwa inawaka: ukiona povu au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, kuna hewa. Kipimo cha Toyota chenyewe ni rahisi. Oili ikiwa na joto, weka alama ya kina injini ikiwa inawaka bila kukanyaga mafuta, zima, tazama inapanda kiasi gani. Ikipanda zaidi ya milimita 5, hewa ipo. Na kama mlio ni wa kukwaruza, wa juu, unatokea usukani ukifika mwisho, angalia fenibelti kabla hujagusa oili.

Oili ya hapo ni ATF ya Dexron II au III. Kubadilisha ni kazi ya saa moja. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, weka stendi. Chomoa hosi ya kurudishia kwenye kikopo, ziba tundu la kikopo, elekeza hosi kwenye chupa. Injini ikiwa imezimwa, mwenzako azungushe usukani mwisho hadi mwisho huku wewe ukijaza kikopo kisikauke. Ujazo wote haufiki lita moja na nusu, lita 2 zinatosha hadi itoke nyekundu safi. Rudisha hosi, jaza, zungusha tena mara 15 hadi 20 bila kuwasha, jaza tena. Ndipo uwashe, na uzungushe taratibu. Usishikilie usukani mwisho zaidi ya sekunde chache, pampu inafikia shinikizo lake la juu kabisa na oili inachemka haraka.

Ukiwa hapo, tazama chini ya kikopo. Vingi vina chujio dogo la wavu, na likijaa uchafu pampu inalia vile vile kama yenye hewa. Ndiyo hatari nyingine ya zile dawa nzito, zinafanya unyonyaji uwe mgumu zaidi asubuhi.

Babu_wa_Kibaigwa

Vijana mmesema vizuri ila mmezibana sana. Dawa ya kurekebisha msuguano si uganga. Mtetemo wa toki konveta unatokana na vile virekebishi kuisha ndani ya oili, na chupa inavirudisha. Kama klachi bado ina bitana, inafanya kazi, na mabadiliko huonekana ndani ya kilomita 100 hivi. Mtu aliye Kondoa au Mpwapwa na T-IV halisi haipatikani wiki hiyo, chupa nzuri ni afadhali kuliko kujaza ATF ya pipa isiyo na jina.

Sharti ni vipimo. Nyingi zimepimwa kwa lita 6 hadi 8, mililita 300 hivi. Mnachosahau ni kutoa kabla ya kutia: nyonya mililita 300 kwa bomba kupitia tundu la dipstiki, ndipo umimine. Ukiongeza juu ya alama, gia zinaipiga oili inakuwa povu, na povu halisukumi pistoni. Hapo unatengeneza kuteleza ambako hakukuwepo. Na usitie chupa ya pili eti ya kwanza haikutosha.

Gia_Kizota

Babu shikamoo. Hapo hatupingani sana. Mimi nasema iwe hatua ya mwisho baada ya oili, kwa sababu oili mpya inaleta virekebishi hivyo hivyo kwa kipimo cha mtengenezaji, na inatoa uchafu ambao chupa inauacha ndani. Ukitia dawa kwenye oili iliyoungua, asidi na unga wa klachi bado vipo.

Babu_wa_Kibaigwa

Marahaba. Sawa, oili kwanza pale inapopatikana.

Dada_Area_C

Samahani kuingilia. Mimi nina Vitz na mume wangu ana X-Trail ya CVT. Haya yanatuhusu?

Raki_na_Pampu

Dada, Vitz yako steringi yake ni ya umeme, haina oili, kikopo hutakiona. Anayekuuzia dawa ya steringi ya Vitz anakuuzia chupa tu.

X-Trail ya CVT: msitie dawa yoyote ya otomatiki. Mkanda wa chuma unabana kwenye puli za chuma na nguvu yote inapita kwa msuguano huo. Ukiulainisha, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na giaboksi imekwisha. Weka oili ya NS-2 au NS-3 kulingana na kitabu cha gari, basi.

Spea_Majengo

Niongeze mawili kwa mwenye mada. Kwanza, RAV4 za otomatiki za 2001 hadi 2003, hasa zilizouzwa Marekani, zinajulikana kwa kompyuta ya injini kuharibika na kufanya gia ziingie kwa kishindo. Wewe husemi kishindo, lakini kikianza, au ukisoma kodi za solenoidi (valvu za umeme za giaboksi) kama P0750 na P0755, usikimbilie giaboksi ya mtumba wala dawa. Wapo waliobadilisha giaboksi na tatizo likabaki kwenye kompyuta.

Pili, joto. Kanuni inayotumika kwenye biashara hii ni kwamba kila oili inapozidi joto kwa nyuzi kama 10, maisha yake yanapungua kwa nusu. ATF ya gari hiyo inapoa kwenye tangi la rejeta. Mapezi yakijaa vumbi na wadudu wa barabara ya Mtera, oili ndiyo inayoungua. Pitisha maji kutokea upande wa injini kwenda mbele, ya mpira wa kawaida, si ya mashine yenye nguvu inayolaza mapezi. Na ukichomoa dipstiki ukaona oili ya giaboksi imekuwa ya pinki kama maziwa ya stroberi, rejeta imepasuka ndani, maji yameingia. Zima gari, ivutwe. Hakuna dawa ya hiyo.

Mkazi_Nkuhungu

Asanteni sana, wakubwa shikamooni. Nimefanya vipimo. Kugusa breki: mtetemo unakoma hapo hapo. Kodi hakuna hata moja. Oili ya giaboksi ni kahawia iliyokolea. Nimedondosha tone kwenye tishu nyeupe, limesambaa likaacha duara jekundu-kahawia, katikati hakuna unga mweusi, na harufu ya kuungua haipo. Steringi: mipira ya raki yote mikavu ndani. Kwenye kikopo kuna povu, na baada ya kuzima oili inapanda kama milimita 8 au 9. Kuna unyevu pale hosi nene inapoingia kwenye pampu.

Raki_na_Pampu

Basi steringi umeshaipata. Badilisha o-ringi ya hapo na klampu ya hosi, ila chukua o-ringi ya kustahimili oili, si ya bomba la maji, hizo zinavimba na kukatika. Kata sentimita moja ya mwisho wa hosi kama imekuwa ngumu na urefu unaruhusu. Kisha badilisha oili na utoe hewa kama nilivyoeleza. Pima tena milimita. Dawa ya steringi huihitaji.

Gia_Kizota

Majibu yako ya giaboksi ni mazuri. Oili imechoka, haijaungua, na klachi haijatoa unga. Mwaga na ujaze mara mbili, filta mara ya kwanza. Endesha kilomita 300 hivi, pita tena Nala hadi Bahi kwa mwendo ule ule. Mtetemo ukibaki mdogo, mwaga mara ya tatu. Ukibaki vile vile baada ya ya tatu, hapo ndipo ile chupa ya Babu ina nafasi: moja, ya kurekebisha msuguano, iliyoandikwa kwamba inafaa T-IV, na utoe mililita 300 kwanza. Usichukue iliyoandikwa "inaziba".

Kagua galoni kabla ya kulipa: sili ya kifuniko isiwe imeguswa, namba ya bechi iwe imechapwa kwenye chombo na si kwenye stika, na mimina kidogo kwenye chupa nyeupe uone wekundu safi. Chukua pia washa mpya (pete ya kuzibia) ya nati ya kumwagia, ile ya zamani ikishabanwa haizibi vizuri mara ya pili.